Nyonga bandia ya mbwa imelegea au ina vijidudu? Kamera ya gama inapojibu na inapodanganya

#1 MfupaNaSkrubu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba hii tuichimbe kwa undani, majibu ya mstari mmoja hayatasaidia.

Mbwa wa kilo 34, nyonga bandia ya saruji upande wa kushoto, mwezi wa 14 tangu upasuaji. Anachechemea, hasa akitoka kulala. Eksirei inaonyesha mstari mweusi kati ya saruji na mfupa kando ya shina la kipandikizi, kuna mahali unavuka milimita 2, na juu ya mfupa kumeanza kuota mfupa mpya. Homa hana. Chembe nyeupe kwenye damu ni za kawaida. Maji ya kiungo yamevutwa mara moja, maabara haikuotesha kitu.

Kipandikizi kilicholegea bila vijidudu unaweza kukitoa na kuweka kingine kwenye upasuaji huohuo. Chenye vijidudu ukikifanyia hivyo, kipya nacho kinaambukizwa, na mara nyingi mwisho wake ni kutoa chuma na saruji yote na kumwacha mnyama atembee bila kichwa cha paja. Kwa hiyo lazima nijue kabla ya kushika kisu. Skani ya mfupa inatosha? Au ni lazima chembe nyeupe zenye mionzi (za mnyama mwenyewe, zinatolewa, zinafungwa na mionzi na kurudishwa zifuate maambukizi)? Na kama ni lazima, kazi yenyewe inafanywaje kwa mbwa?

#2 KameraGama

Skani ya mfupa haitakwambia kama ni vijidudu. Inachoweza ni kukuondolea wasiwasi, na hiyo nayo si kazi ndogo.

Unatumia MDP au HDP (dawa zinazoshika kwenye mfupa) iliyofungwa na teknesiamu-99m, yenye mionzi, megabekereli (kipimo cha mionzi) 10 hadi 20 kwa kilo, kupitia katheta ya mshipa wa mguu wa mbele. Usichome mguu wa nyuma wenye shida. Dawa ikivujia nje ya mshipa unapata doa kali palepale unapotaka kusoma, na tezi za limfu za mguu huo nazo zinawaka. Awamu ya kwanza ni ya mtiririko: mbwa yuko tayari chini ya kamera ya gama (inayonasa mionzi inayotoka mwilini), unachoma kwa kasi na kunasa fremu za sekunde 1 hadi 3 kwa dakika moja au moja na nusu. Ya pili ni ya damu iliyotuama kwenye nyama, ndani ya dakika 10 za mwanzo. Ya tatu ni ya mfupa, baada ya saa 2 hadi 3.

Awamu zote tatu zikiwa tulivu pembeni ya kipandikizi, maambukizi hayaelekei kuwepo. Tatizo ni pale panapowaka. Dawa hii inafuata mahali mfupa unapojijenga. Mfupa unajijenga baada ya upasuaji, unajijenga shina likicheza, unajijenga vijidudu vikila. Kwa binadamu mng'ao wa namna hii unaweza kuendelea mwaka mzima na zaidi, na kwa vipandikizi visivyo na saruji ndiyo mrefu zaidi, kwa sababu mfupa unatakiwa uote kuingia kwenye chuma. Mbwa wako ana mstari mweusi na mfupa mpya, skani ya mfupa itawaka tu. Umelipa mionzi kupata jibu ambalo eksirei imeshakupa.

#3 MfupaNaSkrubu

Kwa hiyo kwa mbwa huyu niiruke?

#4 KameraGama

Mimi ningeiruka. Ningeifanya kama eksirei ingekuwa safi na mnyama bado anachechemea, pale swali ni "shida iko kwenye nyonga au kwingine?" Mbwa wakubwa wana mgongo na magoti yanayouma pia, na picha ya mwili mzima inakutajia hayo yote kwa mkupuo mmoja.

#5 ChembeHai

Niingie hapo kwenye chembe nyeupe. Kazi nzima inaharibikia kwenye maabara kabla kamera haijawashwa, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Mbwa wa kilo 34 ana damu ya lita 2.9 hivi (mililita 85 kwa kilo). Unamtoa mililita 50, haimsumbui. Tumia bomba kubwa la sindano lenye mililita 9 za ACD (dawa ya kuzuia damu isigande) ndani yake tayari, na sindano nene, geji 19 au 20. Vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu chembe zinajeruhiwa na kuamka, na chembe iliyoamka inanata popote inapopita.

Halafu unaacha chembe nyekundu zizame. Hapa aina ya mnyama ina uzito mkubwa. Damu ya farasi inazama yenyewe haraka kwa sababu chembe nyekundu zake zinajipanga kama sarafu. Ya ng'ombe karibu haizami kabisa. Ya mbwa iko katikati na inavuta muda, hivyo unaisaidia kwa wanga wa haidroksietili wa asilimia 6, ukilaza bomba kwa mwinamo kidogo kwa dakika 45 hadi 60. Anayetumia mwongozo wa binadamu bila kuangalia bomba lenyewe anaweza kufyonza tabaka la juu kabla halijajitenga.

Tabaka la juu unalizungusha kwenye sentrifuji kwa 150 g (mara 150 ya nguvu ya mvutano, si gramu), dakika 5. Usizidishe, maana kasi ndogo inaacha chembe sahani juu na kushusha nyeupe tu. Maji ya juu unayazungusha tena kwa 2,000 g kwa dakika 10, unapata plazma isiyo na chembe. Itunze, utaihitaji mara mbili.

Sasa HMPAO, dawa inayoibeba teknesiamu kuiingiza ndani ya chembe. Teknesiamu iwe imekamuliwa kwenye jenereta (chombo kinachoizalisha) si zaidi ya saa 2 zilizopita, na jenereta yenyewe iwe ilikamuliwa ndani ya saa 24 kabla ya hapo. Jenereta iliyokaa muda mrefu inatoa teknesiamu-99 nyingi iliyokwisha kuoza, nayo inagombana na ile unayoitaka kupata HMPAO na bati (kemikali inayoiandaa teknesiamu ishike). Ukishachanganya, una dakika 30 tu. Umbo linalopenya ukuta wa chembe linabadilika kuwa lisilopenya, halirudi. Na kile kit (kifurushi cha HMPAO) kinachotulizwa kwa buluu ya methilini ni cha picha za ubongo, usikitumie kwa chembe nyeupe.

Ongeza kwenye mashapo ya chembe yaliyolegezwa kwa mililita 1 ya plazma ile. Dakika 10, joto la chumba, ukizungusha kwa mkono bila kutikisa. Ongeza plazma mililita 3 au zaidi, zungusha tena 150 g dakika 5, tenga maji ya juu, pima mionzi ya mashapo na ya maji. Mashapo gawanya kwa jumla ya vyote viwili. Kati ya asilimia 40 na 80 ni hali ya kawaida. Chini ya 40, simama utafute sababu kabla ya kuchoma: chembe chache, HMPAO iliyochelewa, au plazma nyingi kupita kiasi wakati wa kufunga.

Angalia kwa macho. Vipande vinavyoelea visivyoyeyuka kwa kuzungushwa taratibu ni mafungu ya chembe. Hayo usiyachome, yatakwama kwenye mapafu. Tone moja weka chini ya hadubini na buluu ya tripani, zinazoingia rangi zimekufa. Mashapo yakiwa mekundu sana, kumbuka HMPAO haichagui, inaingia pia kwenye chembe nyekundu, na picha yako itajaa mishipa ya damu.

Kiasi cha kumrudishia mbwa kama huyu ni megabekereli 200 hadi 400, ndani ya saa moja tangu ufunge, kwa sindano isiyo nyembamba kuliko geji 22.

#6 PakaMdogo

Mkuu ChembeHai, shukrani. Na paka? Nyonga ndogo za paka nazo zinawekwa siku hizi, ila mililita 50 kwa paka haiwezekani.

#7 ChembeHai

Paka wa kilo 4 ana damu mililita 240 hivi. Toa 10 hadi 12, zaidi ya hapo unamkaribisha kwenye shida, hasa kama atalazwa usingizi siku hiyohiyo. Piga hesabu kabla: akiwa na chembe nyeupe bilioni 10 kwa lita, mililita 12 zinakupa milioni 120, na nusu yake inaweza kupotea njiani. Ni kidogo lakini inafanyika, ukitegemea kiwango cha kufunga kitashuka. Akiwa na chembe nyeupe pungufu, acha.

Wengine wanawaza kutumia damu ya paka mwingine. Kwa paka ni hatari. Wana kingamwili za asili dhidi ya kundi la damu wasilo nalo, bila hata kuongezewa damu kabla, na mashapo yako hayakosi chembe nyekundu. Pima makundi kwanza au usiguse wazo hilo.

#8 KameraGama

Nimalizie upande wa picha, maana chembe nzuri zinaweza kuharibiwa na msomaji.

Picha ya kwanza, dakika 30 hadi 60 baada ya kuchoma, ni ya kukagua kazi ya ChembeHai. Piga kifua na tumbo. Chembe hupita kwenye mapafu kwanza, ila zikiwa nzima zinaondoka. Wengu uwe mkali kuliko ini. Mapafu yakibaki yanawaka, au ini likiupita wengu, chembe zilijeruhiwa na picha za baadaye usizitegemee, hata zikionekana nzuri. Madoadoa makali kwenye mapafu ni yale mafungu.

Kisha saa 3 hadi 4, kisha saa 20 hadi 24. Picha hizi mbili ndizo kipimo chenyewe. Kwenye maambukizi chembe zinaendelea kuhamia, doa linakua kwa ukali au kwa ukubwa. Kwenye uvimbe usio na vijidudu na kwenye uboho, doa linabaki au linafifia. Anayepiga picha moja ya saa 4 na kuandika "maambukizi" amekisia tu.

Kulinganisha huko kuna mtego wa hesabu. Nusumaisha (muda wa mionzi kupungua nusu) ya teknesiamu-99m ni saa 6. Kutoka saa ya 4 hadi ya 22 zimepita saa 18, nusumaisha tatu, mionzi imebaki moja ya nane. Ukitumia muda uleule wa kupiga, kila kitu kitafifia na utasema doa limepungua. Kwa hiyo muda unarefushwa mara 8: picha ya saa 4 ikiwa sekunde 150, ya saa 22 ni sekunde 1,200, dakika 20 kamili. Halafu onyesha zote mbili kwa kipimo kilekile cha rangi, bila kuziongezea mwanga kila moja kivyake. Dakika 20 kwa mnyama maana yake ni dawa ya usingizi, panga mapema, na mlaze kwa mkao uleule wa siku ya kwanza.

Kolimeta (sahani ya risasi yenye matundu mbele ya kamera) ni ya nishati ndogo yenye uchambuzi mkubwa, dirisha la asilimia 15 hadi 20 kwenye kiloelektronivolti 140, matriksi 256 kwa 256. Kibofu kitupu kabla ya kila picha. HMPAO inayovuja kutoka kwenye chembe inatoka kwa mkojo na kwa utumbo, na kwa mbwa kibofu kinakaa karibu kabisa na nyonga. Katheta ya mkojo ni bora kuliko kumtembeza. Kikigoma kuisha, funika eneo lake kwa kipande cha risasi na upige pia kwa upande. Ukiona mng'ao mpya tumboni kwenye picha ya siku ya pili tu, ni utumbo, achana nao.

Kitu kingine: shina la chuma lenyewe linakula mionzi. La kobalti na kromu linakula zaidi kuliko la titani. Usitafute doa katikati ya shina, tafuta ukingoni, mahali chuma au saruji inapogusa mfupa. Na ukipiga picha za pande tatu pamoja na CT (eksirei ya kompyuta), tazama pia zile zisizosahihishwa kwa CT. Chuma kinaidanganya CT na kompyuta inaongeza mng'ao kando ya shina ambao kwa kweli haupo.

#9 MsomaUboho

Mkuu KameraGama, uboho umeupitia kwa mbio, na kwenye nyonga ndiko kunakoliza watu.

Kuchimba paja ili kupitisha shina kunasukuma na kuamsha uboho mwekundu, mara nyingi kuelekea kwenye ncha ya shina. Uboho unanasa chembe nyeupe kwa kawaida yake. Kwa hiyo doa kwenye ncha ya shina linaweza kuwa uboho uliohama, na hakuna maambukizi yoyote. Njia ya kulitatua ni skani ya uboho kwa koloidi ya salfa (punje ndogo mno za salfa) yenye teknesiamu. Koloidi inaingia kwenye uboho, kwenye usaha haiingii. Chembe zipo na koloidi haipo: maambukizi. Zote zipo mahali pamoja kwa umbo moja: uboho. Kwa binadamu mchanganyiko huu unafikia usahihi wa karibu asilimia 90 kwenye viungo bandia, na ndio msingi unaoazimwa kwa wanyama.

Kwa kuwa zote mbili ni teknesiamu, usizichanganye siku moja. Ngoja saa 48 au zaidi baada ya chembe, kisha choma koloidi iliyotengenezwa ndani ya saa 2, piga baada ya dakika 30, mkao uleule. Ukitaka siku moja, funga chembe kwa indiamu-111 badala ya HMPAO: nusumaisha siku 2.8, nishati ya kiloelektronivolti 171 na 245, na koloidi inapigwa pamoja nayo kwenye dirisha la 140. Ila unahitaji kolimeta ya nishati ya kati, picha ni za mchanga, na kipimo cha kuchoma ni kidogo mno.

#10 PETKwanza

Natofautiana kidogo na mwelekeo wa uzi. Kwa nini mhangaike na damu kwa muda wa saa tatu wakati FDG (sukari yenye mionzi, inayopigwa picha kwa kamera ya PET) inachomwa mara moja na dakika 60 baadaye una picha kali?

#11 MsomaUboho

Kwa sababu FDG inafuata chembe yoyote inayokula glukosi, na chembe zinazomeza vumbi la plastiki na saruji zinaikula sana. Kipandikizi kilicholegea kinatoa vumbi hilo kila hatua. Mng'ao kuzunguka shingo ya kipandikizi ni wa kawaida hata kwa nyonga zisizo na tatizo, na namba ya ukali peke yake haitenganishi. Kinachosomwa ni mahali: mng'ao unaoshuka kwenye mpaka wa mfupa na shina ndio wa kuutilia shaka.

Ukiitumia, mnyama afunge saa 12, pima sukari ya damu kabla, mweke kwenye joto na utulivu kuanzia anapochomwa. Mbwa anayetetemeka au kuvuta kamba ndani ya saa ile anajaza FDG kwenye misuli ya paja na nyonga, na hapo umepoteza picha. Nakubaliana na wewe kwenye jambo moja: ikiwa safi kabisa, inatuliza sana.

#12 MlinziMionzi

Upande wa usalama, mnyama si binadamu, hawezi kuambiwa ashike mkojo.

Teknesiamu baada ya saa 24 imebaki moja ya 16, baada ya 48 moja ya 256, na hiyo ni kwa kuoza tu kabla hujahesabu inayotoka kwa mkojo. Mkojo ndio uchafu mkuu. Kizimba chenye sakafu isiyonyonya, matandiko ya kutupwa, glavu mbili, na mtu mmoja tu anayeingia. Muda wa kumruhusu kwenda nyumbani unafuata kipimo cha mionzi kwa umbali uliowekwa na mamlaka ya nchi yenu, si makisio ya saa. Matandiko na mabomba ya sindano hifadhi nusumaisha 10: saa 60 kwa teknesiamu, siku 28 kwa indiamu. Kisha pima, ondoa alama za mionzi, ndipo utupe.

Aproni ya risasi ya nusu milimita inasaidia vizuri kwa teknesiamu. Kwa FDG haina maana, fotoni zake za kiloelektronivolti 511 zinapita. Hapo kinga ni umbali na kasi ya mikono.

Na kama kuna wagonjwa wawili siku hiyo, kila bomba liwe na jina la mnyama tangu damu inapotoka. Kumrudishia mbwa damu ya mwenzake ni ajali mbaya kuliko mionzi yenyewe.

#13 OteshaVizuri

Kabla hamjamlaza kwenye kamera, rudini kwenye yale maji ya kiungo. "Haikuota" ina maana gani? Alikuwa kwenye antibiotiki? Kama ndiyo, simamisha kwa wiki 2, ikiwa hali yake inaruhusu, na uvute tena chini ya kinga kamili ya vijidudu. Weka maji kwenye chupa ya kuoteshea damu, si kwenye pamba ya kupangusa, na acha kiasi kidogo kwa slaidi. Kiungo cha mbwa kilicho salama kina chembe chini ya 3,000 kwa maikrolita na karibu zote ni za nyuklia moja. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zikitawala, hata kama jumla si kubwa, usilale. Staphylococcus pseudintermedius, anayeonekana sana kwa mbwa, anaweza kukaa ndani ya utando wake juu ya chuma na maji yakatoka safi.

Utando huohuo ndio unaoangusha skani ya chembe nyeupe. Maambukizi baridi, ya miezi mingi, yanaita nyutrofili chache, picha inatoka kimya. Mbwa aliye kwenye steroidi naye chembe zake hazihami sawasawa. Picha kimya kwa mnyama wa aina hiyo isimfungue mtu mkono kuweka kipandikizi kipya bila sampuli za upasuaji.

#14 MfupaNaSkrubu

Alimaliza antibiotiki siku 4 kabla ya kuvutwa maji. Kumbe hapo ndipo penyewe. Naona mpangilio hivi: wiki 2 bila dawa, maji tena, yasipoota chembe za HMPAO kwa siku mbili, doa likionekana koloidi siku ya nne au ya tano. Na zile kingamwili zenye mionzi zilizo tayari, zinazochomwa bila kutoa damu? Zingeniokoa muda.

#15 ChembeHai

Mpangilio uko sawa. Siku za kusubiri mpe kidonge cha maumivu kisicho steroidi.

Kingamwili hizo zilitengenezwa dhidi ya alama za chembe nyeupe za binadamu. Kwa mbwa huna uhakika kwamba zitashika, na picha tupu haitakwambia kama hakuna maambukizi au hazikushika. Kaa na chembe zake mwenyewe.

#16 OteshaVizuri

Siku ya upasuaji, picha iwe imesema nini, kata vipande 5 kutoka sehemu tofauti pembeni ya kipandikizi, kila kimoja kwa kibano na kisu chake, kila kimoja chupa yake, kabla ya antibiotiki ya mshipani. Shina lililotolewa litie kwenye chombo kilichofungwa lipelekwe maabara likatikiswe kwa mawimbi ya sauti, utando uachie. Andika kwenye fomu "otesha siku 14", maana zisipoandikwa watatupa sahani siku ya tano. Kijidudu kilekile kwenye vipande viwili au zaidi ndicho cha kuaminiwa. Kikitokea kwenye kimoja tu, huenda ni cha ngozi.